Jinsi ya kuandika hadithi ya jumba lenye mzimu kwa macho ya mtumishi

Nimetoka kumsaidia mwandishi chipukizi kurekebisha hadithi yake. Mhusika mkuu alikuwa dobi wa jumba la kale, lakini hofu zote zilikuwa za tajiri: ukoo unaokwisha, urithi, picha za mababu. Tuliifumua tukaishona upya hivi.

Hatua ya 1. Mchagulie mtumishi wa hadithi yako kazi ambayo mikono yako inaijua.

Hatua ya 2. Andika ratiba ya siku yake, tangu kuamka hadi kulala. Tumia kalamu na karatasi. Kwenye kompyuta utaanza kupamba sentensi kabla ya wakati.

Hatua ya 3. Jibu swali hili: kwa nini haondoki? Mimi hapa nilikwama wiki nzima. Tajiri akisikia nyayo darini anafunga virago. Mtumishi je? Usiandike "alikuwa maskini" ukapita. Taja kamba yenyewe iliyomfunga. Mshahara wa miezi miwili haujalipwa. Chumba anacholala ni cha mwajiri. Bila barua ya sifa hapati kazi kwingine. Katika hadithi ya Charles Dickens ya mwaka 1866, mtoa ishara wa reli anajua kuna balaa linakuja, lakini akituma onyo asiloweza kulieleza, wakubwa watamwona mwendawazimu na kumwondoa kazini. Hofu yake imebanwa hapo, kati ya mzuka na ajira.

Kamba ikiwa moja, msomaji ataikata kichwani mwake, kwa hiyo weka mbili au tatu. Usizimwage zote katika aya moja. Kila anapofikiria kuondoka, moja ikaze. Na mwajiri si lazima awe katili. Mimi napendelea mwajiri mpole, maana wema wake nao ni deni.

Kama hadithi ni ya kijijini, yenye mila na kafara, uliza pia shamba ni la nani. Wanakijiji wakichorwa kama kundi la washirikina tu, umeandika kwa macho ya mgeni. Mavuno yakikosekana, nani anadai kodi? Kafara ianzie hapo.

Hatua ya 4. Mzimu aje kwa njia ya kazi. Dobi wetu zamani alikuwa anakutana na kivuli kwenye ngazi. Tulikifuta. Sasa kila Jumatatu anahesabu nguo chafu: vitanda saba, mashuka manane. La nane lina mkunjo wa mtu aliyelala ubavu. Hapigi kelele. Analifua, kwa sababu shuka likipotea linakatwa kwenye mshahara wake.

Hatua ya 5. Soma kwa sauti, ukifuta kila neno ambalo yeye asingelitamka. Katika rasimu ya kwanza dobi alishikwa na "hofu kuu isiyoelezeka". Sasa anasema tu: "Hili la nane bado lina joto."