Ringi ya basketi mtaani: tengenezeni wenyewe, ila kwa vipimo

Haya yakhe, nyie mnaopigilia ringi ya baiskeli kwenye mnazi afu mnaita kiwanja, leo tuongee. Sikatai, vitoto vinacheza na vinafurahi, lakini ringi ya baiskeli ya inchi 26 uwazi wake unapita nusu mita na ringi ya basketi kwa ndani ni sentimita 45 tu, sasa mtoto anazoea mlango mpana, siku anaingia kiwanja cha kweli kila anachotupa kinagonga chuma anadhani karogwa. Na mnazi wenyewe umepinda, kusi ikivuma unayumba, na nazi ikidondoka haiulizi nani yuko mazoezini.

Kabla ya chuma, pahala. Nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwanza, uwanja wa mtaa una wenyewe hata kama unauona mtupu. Afu kwa vile watu wanacheza jioni baada ya alasiri, ringi isielekee magharibi wala mashariki, mtu asije akatupa huku jua limo machoni. Iweke kaskazini au kusini ya kiwanja. Hapa kwetu Zanzibar hilo halitaki dira, kibla chetu ni karibu kaskazini kabisa, angalia tu msikiti wa karibu umekaaje. Ila usijenge jirani na huo msikiti, mpira ukidunda wakati wa sala mtagombana bure.

Sasa ringi. Nunua raundi baa ya milimita 16, ile laini, sio nondo ya meno maana ile inakula nyavu. Hesabu yake: 45 ya uwazi jumlisha 1.6 ya unene wa chuma ni 46.6, zidisha kwa 3.14, unapata kama sentimita 146, kata 147 ubaki na cha kusawazisha. Kuikunja nenda kwa wale mafundi wanaokunja nondo za nguzo za nyumba, ila usiseme "nataka ringi" ukanyamaza, utarudi na kipembe nne cha nguzo. Chora duara sakafuni kwa chaki, msumari katikati, uzi wa sentimita 22 na nusu, umwambie fundi chuma kikae nje ya mstari. Atakunja kidogo kidogo, anasogeza chuma kama vidole vinne, anabinya, analaza juu ya duara anaangalia, anarudia tena, ukimharakisha inatoka kama yai. Ikishaungwa chukua mipira miwili ya saizi 7, ile ya wanaume wakubwa, iwekeni ubavu kwa ubavu juu ya ringi, ikipita yote kwa pamoja mmekosea, ringi kubwa.

Chini yake achomelee vishikizo 12 vya nyavu, na tundu zake zisizidi milimita 8, hii sio urembo, mtu akiruka kidole kikaingia mule kinabaki. Nyuma bamba nene la bolti nne. Na bolti hizo zikamate mkono wa chuma unaotoka kwenye nguzo, sio ubao peke yake, maana kuna kaka mtu mzima atajibembea tu, hata muandike tangazo.

Ubao ni mita 1.80 kwa 1.05, na plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 inatosha ubao mmoja, chukua ile ya marini, inayostahimili maji, ya milimita 18. Kingo ndo zipake rangi mara tatu nne, maji yanaingilia pale. Kiboksi cha kuchora katikati ni sentimita 59 kwa 45, mstari wake wa chini unalingana na ringi. Kutoka ubao mpaka ukingo wa ndani wa ringi ni sentimita 15.

Urefu ni mita 3.05 kutoka chini mpaka juu ya ringi. Ulitokea tu, mwaka 1891 James Naismith kule Springfield, Marekani, alitundika vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na roshani ilikuwa futi 10, basi dunia nzima ikabaki hapo hapo. Pimeni chini ya ringi yenyewe, sio kwenye nguzo, kwa sababu viwanja vyetu vina mteremko. Na kama mna nia ya kumwaga sakafu baadaye, ongezeni unene wake sasa hivi, la sivyo mtabaki na ringi fupi. Vitoto vidogo vyao ni mita 2.60.

Skuli ambazo wasichana wanacheza mpira wa pete, nguzo hiyo hiyo inafaa kwa mazoezi, urefu ni ule ule, mgongoni mwa nguzo mnafunga pete ya sentimita 38 bila ubao wowote.

Shimo lisipungue mita moja. Jambiani na Makunduchi mtakutana na jiwe, kodini mtaimbo na vijana wenye mikono, huko Pemba udongo unachimbika lakini masika unalegea, panueni shimo. Zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na tafadhali msichote mchanga wa ufukweni, chumvi yake inakula chuma kutoka ndani na hamtojua mpaka siku nguzo inalala. Nguzo isimame kwa timazi, mwagieni zege maji kila siku kwa wiki nzima, hakuna kugusa. Mkono uitoe ringi mbele ya nguzo, kama mita moja na kitu, na nguzo ivisheni godoro kuukuu, watu wanakimbia bila kuangalia.

Nyavu usinunue. Mpelekee mvuvi uzi wa nailoni mnene, mwambie urefu sentimita 40 mpaka 45, juu pana chini pabane kidogo ili mpira usite unapopita, atakufumia baada ya chai.

Kutu ndo mtihani wetu wa kila mwaka. Piga msasa mpaka chuma king'ae, redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, afu rangi ya chungwa, na kila inapokaribia masika mtu apande ngazi aangalie bolti na pale palipochomelewa, kutu inaanzia hapo. Bolti ya galvanaizi ghali kidogo, nunua hiyo.