Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubuni Kasri la Ufalme wa Moto

Wengi wanaobuni ufalme wa moto, iwe kwa ajili ya riwaya, katuni au mchezo wa kompyuta, huanza na picha ile ile: ngome nyeusi juu ya volkeno, mto wa lava ukipita chini ya madirisha, mienge kwenye kila nguzo, na kiti cha enzi cha dhahabu katikati ya miali. Picha hiyo yatosha kwa jalada. Lakini msomaji akishaingizwa ndani ya jengo na kutakiwa aishi humo sura baada ya sura, ataanza kuuliza nani analeta kuni, moshi unatokea wapi, na kwa nini mapazia hayajashika moto. Ni afadhali mbunifu ajiulize maswali hayo mapema, akianzia na dhana moja ambayo naiona kuwa msingi wa mengine yote: katika nchi inayoutukuza moto, kasri ndilo jengo linalouogopa kuliko majengo yote, kwa kuwa wenye nyumba wanazijua tabia zake.

La kwanza kuamuliwa ni chanzo cha joto. Ukichagua volkeno, amua ni volkeno ya namna gani, kwa sababu lava si kitu kimoja. Ile ya kawaida ya basalti hutoka ikiwa na nyuzijoto zipatazo 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, joto linalozidi lile la kuyeyusha dhahabu, ambalo ni 1,064. Kiti cha dhahabu kilichowekwa ukingoni mwake huenda kisiyeyuke mara moja, lakini hakuna mfalme atakayekikalia. Lava ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni ya aina nyingine kabisa: ina joto la takribani nusu ya hilo, hutiririka kwa wepesi, mchana huonekana nyeusi kama tope, na baada ya muda mfupi hugeuka nyeupe kwa kukutana na unyevu wa hewa. Kasri lililozungukwa na mito myeusi inayopauka lingekuwa jambo jipya kwa wasomaji waliochoshwa na rangi nyekundu.

Volkeno haileti lava peke yake. Wakazi wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya mlima Nyiragongo uliolipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, wanaishi na hatari wanayoiita mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyoonekana, ambayo hutuama mabondeni na mashimoni na kuua mifugo hata watu. Kwa hiyo mbunifu anayepanga kuweka magereza, hazina au njia za siri chini ya kasri lake aamue kwanza hewa ya huko chini ikoje. Huenda mlinzi wa shimo la wafungwa asihitaji mkuki, bali ahitaji kujua saa ambazo upepo unaingia, na mfungwa mrefu atakuwa na nafasi kubwa ya kuishi kuliko mfupi.

Vifaa vya ujenzi navyo vinataka kufikiriwa kwa makini kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Mawe ya chokaa, marumaru na matumbawe yakifikishwa kwenye nyuzijoto zipatazo 900 hugeuka chokaa ambayo haijazimwa, yaani isiyotiwa maji bado, na chokaa hiyo ikinyeshewa mvua huchemka, huvimba na kumomonyoka. Mafundi wa pwani ya Waswahili waliijua kazi hiyo kwa mikono yao, kwani walichoma matumbawe juu ya marundo ya magogo ili wapate chokaa ya kujengea, na ndivyo lilivyojengwa kasri la Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani katika karne ya 14. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya majengo hayo ni vyembamba na virefu. Mfano huu una faida kwa mbunifu: kifaa kikishachaguliwa, umbo la vyumba hufuata. Ukumbi mpana usio na nguzo hata moja, unaopendwa sana katika hadithi hizi, uelezwe umebebwa na nini, na hicho kinachoubeba kinastahimilije joto.

Baada ya hapo uamue moto wa heshima ukae wapi. Wabunifu wengi huuweka ndani, nyuma ya kiti cha enzi, ingawa falme za kweli zimekuwa na busara zaidi. Katika kasri la Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda nchini Uganda, moto uitwao Kyoto Gombolola huwaka nje, langoni, kwa muda wote Kabaka awapo hai. Si vigumu kuona faida ya kuuweka nje ukikumbuka kwamba nyumba kuu ya Kasubi, iliyojengwa mwaka 1882 kama kasri la Muteesa I na baadaye ikawa kaburi la wafalme, ilikuwa ya miti, matete na nyasi, na iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Moto wa langoni una manufaa mengine katika hadithi: kila anayeingia huuona, raia wa kawaida anaweza kujua hali ya mfalme bila kuambiwa na mtu, na adui anajua pa kulenga.

Moto usiozimika unataka watumishi, na watumishi wanataka kanuni. Katika hekalu la Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi inayouheshimu moto, mjini Yazd, Iran, ambako inasimuliwa kwamba moto wake umekuwa ukiwaka tangu mnamo mwaka 470, makuhani hufunika midomo kwa kitambaa cheupe ili pumzi isiuchafue moto, na mgeni huutazama kutoka upande wa pili wa kioo. Kanuni ndogo kama hiyo ya kitambaa inaeleza zaidi kuhusu imani ya nchi kuliko kurasa nyingi za historia ya kubuni. Pamoja na hayo fanya hesabu ya kuni: msitu uko upande gani, nani anaruhusiwa kukata, na umbali wa kwenda kukata umeongezeka kiasi gani tangu enzi za babu yake mfalme. Sijaona chanzo cha vita chepesi kuandikwa kuliko hiki, na bado wengi hukipita.

Maji hayafai kusahauliwa. Kasri la kifalme la Beijing lilikamilika mwaka 1420, na mwaka uliofuata kumbi zake kuu tatu ziliungua kwa radi. Hadi leo nyuani mwake yamesimama mapipa makubwa ya shaba na chuma yaliyokuwa yakijazwa maji kwa ajili ya kuzima moto. Wakati wa baridi kali mapipa hayo yalivikwa mablanketi na kuwashiwa mkaa chini yake ili maji yasigande, yaani moto ulitumika kuyaweka tayari maji ya kuuzimia moto. Katika ufalme wako, aliyekabidhiwa mapipa ana cheo gani? Anaheshimiwa, au anaonekana kama msaliti anayesubiri miungu ishindwe? Angalia pia mapambo ya ndani, kwani kasri la Windsor nchini Uingereza, lenye kuta nene za mawe, liliungua kwa saa 15 mnamo tarehe 20 Novemba 1992 baada ya taa kuunguza pazia.

Moshi, masizi na harufu ya salfa vinahitaji sentensi chache tu, mradi ukumbuke kwamba nguo nyeupe ndani ya kasri la namna hiyo zitakuwa ishara ya utajiri mkubwa, maana ni lazima kuwe na mtu wa kuzifua kila siku.

Lililobaki ni msiba. Kwa Waganda, Kabaka anapofariki, hutangazwa kwamba moto wa Buganda umezimika, na ule wa langoni huzimwa kwelikweli. Ukifuata desturi inayofanana na hiyo, panga mapema iwapo majiko ya raia nayo yatazimwa, watu watakula nini katika siku hizo, na moto mpya utapatikanaje. Ukipekechwa kwa ulindi mbele ya wazee, mamlaka yatakuwa yao. Ukichukuliwa kutoka jikoni kwa mjane fulani mlimani aliyekataa kuzima, mfalme mpya ataanza utawala wake akiwa na deni kwa mtu aliyevunja sheria, na itabidi aamue kama amwadhibu au amlipe.