Maji ya tumbo yakitoka na ukungu: fanya hivi

Mwongozo huu ni kwa ndugu wanaomhudumia mgonjwa wa dialisisi ya tumbo (kusafisha damu kwa maji ya mfuko yanayoingizwa na kutolewa tumboni kwa mpira maalumu) nyumbani, hapa Dodoma na wilaya za jirani.

Hatua ya 1: Chumba. Zima feni, funga dirisha, vaa barakoa. Kiangazi upepo wetu hurudisha vumbi muda mfupi tu baada ya kufuta meza, kwa hiyo ifute kabla ya kila mfuko.

Hatua ya 2: Mikono. Sabuni na maji yanayotiririka. Maji yakikatika, tumia ndoo yenye koki. Beseni silikubali hata kidogo. Kausha kwa karatasi safi. Ncha ya mpira ikigusa chochote, ubane, usiingize maji, piga simu kliniki.

Hatua ya 3: Kagua maji yaliyotoka. Laza mfuko juu ya gazeti. Herufi zikisomeka vizuri, hata kama maji ni ya manjano, sawa. Zikififia kama unazitazama kupitia maji ya mchele, hesabu kwamba bakteria wameingia mpaka maabara iseme vinginevyo. Usisubiri homa, wengine hawaipati kabisa. Tumbo likiuma, njoo hata kama maji yanaonekana safi. Nyuzi nyeupe peke yake si lazima ziwe maambukizi, ila tuonyeshe.

Mfuko huo usiumwage! Ubane, andika saa maji yalipoingia na yalipotoka, njoo nao siku hiyohiyo. Anayetoka Kondoa au Mpwapwa apige simu kabla ya kupanda basi. Maabara huangalia kama chembe nyeupe za damu zimezidi 100 kwa mikrolita na zaidi ya nusu ni nyutrofili (aina ya chembe nyeupe inayopambana na bakteria), na kipimo hicho kinataka maji yaliyokaa tumboni angalau saa 2.

Tafadhali, usipitie duka la dawa kununua amoksilini. Vidonge vichache vinaweza kuzuia bakteria wasiote maabara huku mgonjwa akiwa hajapona, na daktari akabaki kubahatisha dawa. Wauguzi wenzangu: sampuli kwanza, antibiotiki baadaye. Mililita 5 hadi 10 za maji ya mfuko huo kwenye kila chupa ya kuotesha damu. Kikopo cha kawaida hukosa bakteria wengi.

Hatua ya 4: Dawa. Kwa kawaida huwekwa ndani ya mfuko wa maji na kukaa tumboni angalau saa 6. Endelea kupima kwa gazeti kila siku. Maji yasiposafika baada ya siku 5 za dawa sahihi, daktari hufikiria kuutoa mpira.