Jinsi ya Kulielewa na Kulitumia Neno "Conspicuous"

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hulifasiri neno "conspicuous" kuwa "-enye kuonekana", kisha wakaliweka popote ambapo "visible" lingetosha. Katika kulifundisha, mimi hupendelea kufuata mpangilio ufuatao.

Hatua ya kwanza ni kupima kama kitu kinaonekana tu au kinavuta jicho. Chukua ukurasa uliochapwa kwa wino mweusi, wenye neno moja jekundu katikati ya aya. Maneno yote ni "visible", lakini lile jekundu ndilo "conspicuous", kwa kuwa jicho hulifikia hata kabla hujaanza kusoma. Ukichapa ukurasa mzima kwa wino mwekundu, neno lilelile litapoteza sifa hiyo ingawa rangi yake haijabadilika. Sifa hii, basi, hutokana na kitu kutofautiana na vinavyokizunguka.

Hatua ya pili ni kufuata asili. Kiingereza kililipokea neno hili katika karne ya 16 kutoka Kilatini "conspicuus", lililotokana na kitenzi "conspicere", yaani kutupia jicho au kutazama kwa makini. Shina lake ndilo lililozaa pia "inspect".

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi, ni kulisoma neno pamoja na maneno linaloandamana nayo. Mtu anayejitokeza kwa sifa fulani, kwa mfano ushujaa, huwa "conspicuous for" ushujaa wake. Asiyekuwepo mahali alipotarajiwa, hata kila mtu akatambua pengo lake, husemwa kuwa "conspicuous by his absence". Msemo huo ulienezwa na mwanasiasa wa Uingereza Lord John Russell mwaka 1859, naye wazo lake alilitoa kwa Tacitus, mwanahistoria wa Roma, aliyeeleza mazishi ambamo Brutus na Cassius, wanasiasa wa Roma walioongoza njama ya kumuua Julius Kaisari, walikumbukwa zaidi kwa sababu sanamu zao hazikuonyeshwa. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, mchumi wa Marekani, alitumia "conspicuous consumption" kwa matumizi ya fedha yanayokusudiwa kuwaonyesha wengine utajiri. Tangu hapo neno limebeba pia harufu ya kujionyesha, kwa hiyo usimsifu mtu kwa mavazi "conspicuous" ukidhani umempamba.

Mwisho, tamka kwa kuweka mkazo kwenye silabi ya pili, na kinyume chake kiandike "inconspicuous".