Somo: Kabla hujalipia maudhui ya wakubwa (picha na video za ngono) mtandaoni, mjue unayemlipa

Somo hili ni la waliotimiza miaka 18, walio katika nchi ambazo sheria inawaruhusu. Kuna nchi ambako kosa ni kusambaza tu, na kuna ambako hata kutazama kunakupeleka mahakamani. Soma sheria ya ulipo kabla ya kuendelea.

Nimeliandika kwa sababu watu wazima wengi hulipia mambo haya kwa aibu, na mwenye aibu haulizi, hadai risiti wala halalamiki akiibiwa. Matapeli wanaijua aibu hiyo na ndiyo inayowalisha. Wengi huanza kwa kuuliza nani anavutia. Mimi nakuomba uanze na swali jingine: hela yangu inamfikia nani, na huyo ninayemtazama amekubali kwa hiari yake?

Hatua ya 1. Chagua jukwaa kabla ya mtu

Jukwaa ni tovuti ambako muundaji, yaani mwenye picha na video, huwauzia wanaojiunga na ukurasa wake. Linalojulikana zaidi ni OnlyFans, lililoanzishwa Uingereza mwaka 2016. Linakata asilimia 20 ya malipo, asilimia 80 inakwenda kwa muundaji, na muundaji lazima athibitishe kitambulisho na sura yake kabla ya kuanza kuuza. Yapo mengine, kama Fansly. Jambo la kuangalia ni kama jukwaa linathibitisha umri na utambulisho wa wanaoonekana, na kama lina sehemu ya kuripoti inayofanya kazi.

Uthibitisho huo haukuja kwa hisani. Desemba 2020, baada ya gazeti la New York Times kuandika kuhusu video za watoto na za watu waliodhulumiwa, kampuni za kadi za malipo, Visa na Mastercard, zilizuia kadi zao kutumika Pornhub, tovuti ya video za ngono, na tovuti hiyo ikaondoa mamilioni ya video za watu wasiothibitishwa. Oktoba 2021 Mastercard ikaanza kutekeleza masharti mapya: tovuti ya maudhui ya wakubwa inayopokea kadi zake iwe na ushahidi wa umri, utambulisho na ridhaa ya kila anayeonekana. Kwa hiyo ukikuta tovuti inayokataa kadi na kutaka vocha za zawadi au sarafu za kidijitali tu, jiulize imekwepa ukaguzi gani.

Hatua ya 2. Hakiki mtu mwenyewe

Hapa usiwe na haraka, hasa unapotafuta waundaji wa ukanda wako, wanaozungumza lugha yako. Tapeli huchukua picha za mtu wa bara jingine, akampa jina la kwenu, akafungua akaunti jana. Fanya hivi: tafuta akaunti yake ya wazi kwenye mitandao ya kawaida, yenye machapisho ya muda mrefu na watu halisi wanaojibu. Linki ya malipo ibofye kutoka kwenye wasifu wa akaunti hiyo, kisha angalia kama ukurasa wa malipo nao unakurudisha kwenye akaunti ileile. Zikielekezana pande zote mbili, hiyo ni dalili nzuri. Picha mbili tatu zipitishe kwenye Google Lens au TinEye, zana za kutafuta picha imetokea wapi kwingine mtandaoni, uone kama zina jina jingine kwingine. Kisha sikiliza sauti yake kwenye video za bure, kwa sababu picha huibwa kirahisi kuliko lafudhi.

Usimdai kitambulisho. Hiyo ni kazi ya jukwaa. Muundaji anayeishi ukanda mmoja na wateja wake ana sababu nzito za kuficha jina lake halisi, na mteja anayeng'ang'ania kulijua anamtisha.

Hatua ya 3. Ukiwa na shaka ya umri, ondoka

Usihifadhi, usipige picha ya skrini, usimtumie mtu hata kama ushahidi. Nakili anwani ya ukurasa, ripoti kwa jukwaa na kwa polisi, au kwa Internet Watch Foundation, shirika la Uingereza linalopokea taarifa bila kukutaka ujitaje. Katika hili hakuna "labda anaonekana mdogo tu".

Hatua ya 4. Jikinge wewe

Tumia barua pepe ya pembeni, nywila usiyoitumia kwingine, uthibitisho wa hatua mbili, na jina la mtumiaji lisilofanana na la akaunti zako nyingine. Kama benki yako inatoa kadi ya mtandaoni unayoweza kuiwekea kikomo, tumia hiyo. Kumbuka malipo yataonekana kwenye taarifa ya benki.

Huduma ya wakubwa ya OnlyFans hufunguliwa kwenye kivinjari. Huwezi kuipakua kwenye maduka ya programu ya Apple wala Google. Anayekutumia faili ya programu uisakinishe mwenyewe anataka kuingia kwenye simu yako.

Mwaka 2015 wadukuzi walivujisha taarifa za makumi ya mamilioni ya akaunti za Ashley Madison, tovuti ya kutafuta wapenzi nje ya ndoa, na waliotajwa wakaanza kupokea barua za vitisho. Andika kwenye akaunti yako yale tu unayoweza kuvumilia yakivuja.

Hatua ya 5. Anza na mwezi mmoja

Ukishalipa, zima kujirudia kwa malipo siku hiyohiyo. Utaendelea kuona mpaka muda uliolipia uishe. Jihadhari na usajili wa bei ndogo au wa bure ambao kila kitu cha maana kimefungwa inboksi na kinauzwa kimoja kimoja. Hapo ndipo hela hutoka bila kuhesabika. Jiwekee kiasi cha mwezi mapema. Na ujue kwamba anayekujibu inboksi saa nane za usiku anaweza asiwe yeye. Yapo mawakala yanayoajiri watu wa kupiga soga kwa jina la muundaji. Usimwage siri zako pale.

Hatua ya 6. Ulicholipia usikitoe nje

Umelipia kutazama. Kukipeleka kwenye magrupu ya koneksheni, yale ya kusambaziana picha na video za ngono, ni kumwibia aliyekuamini, na mara nyingi ni kosa la jinai.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi sina kadi. Dada mmoja ameniambia nimtumie kwa simu, atanipa nusu bei. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, ukituma pesa kwa simu, jina lako la usajili na namba yako vinaweza kumfikia. Hakuna jukwaa la kumripotia, na pesa ni vigumu kurudi. Najua wapo waundaji wa kweli wanaouza hivyo kwa sababu kupokea malipo ya jukwaa katika nchi yao ni kazi ngumu, lakini kwa mtu usiyemfahamu sikushauri.

Swali: Naweza kuiomba benki inirudishie hela?

Jibu: Kama kadi iliibwa au umelipa akaunti bandia, ndiyo, na haraka. Kama hukupenda tu ulichokiona, hapana. Ukiilazimisha benki, hela hiyo hukatwa kwa muundaji, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilituma picha zangu kwa mtu niliyedhani ni muundaji. Sasa anasema nisipolipa atazipeleka kwa familia yangu. Nimeshalipa mara mbili.

Jibu: Marahaba, na pole sana. Usilipe mara ya tatu. Kila malipo yanamwonyesha kwamba vitisho vinafanya kazi. Usifute mazungumzo. Hifadhi jina la akaunti, namba na risiti, kisha mzuie, ripoti kwa jukwaa na polisi. Ingia StopNCII.org: inatengeneza alama ya kidijitali ya picha yako bila picha kutoka kwenye simu yako, na majukwaa yanayoshirikiana nayo huitumia kuizuia isisambae. Hiyo ni ya wenye miaka 18 na zaidi. Kama picha ilipigwa kabla ya umri huo, tumia Take It Down, huduma kama hiyo ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto. Halafu mwambie leo mtu mmoja unayemwamini. Hukumkosea mtu.

Swali: Kaka, natumia VPN, programu inayonifanya nionekane nipo nchi nyingine. Jana nimekutana na ukurasa wa mtu wa mtaani kwetu, mama yake namfahamu. Nimwambie kwamba nimemwona?

Jibu: Usimwambie, wala usimwambie mwingine yeyote. Majukwaa humruhusu muundaji kufungia nchi yake nzima isimwone, na huenda yeye amefanya hivyo na VPN yako ikauruka ukuta aliojijengea. Kama umejiunga, jitoe kimyakimya. Mkikutana njiani, msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia siku zote.