Nzi au nyigu? Mtazame kiuno

Ukimkuta kwenye sukuma wiki mdudu mdogo wa rangi ya chungwa mwenye kichwa cheusi, mfungie kwenye chupa ya kioo, umweke kwenye friji dakika chache apoe, kisha mtazame kwa ubavu. Nyigu wa kawaida amebanwa kiunoni; huyu kifua na tumbo vimeungana moja kwa moja. Basi ni nyigu-msumeno, pengine wa jenasi ya Athalia, na hadungi mtu: kile kifaa cha nyuma ni cha kupasulia jani ili atage mayai. Kumtofautisha na nzi, hesabu mabawa: yeye 4, nzi 2. Hapa wengi hukosea, maana akitua mabawa hulaliana yakaonekana mawili; yainue taratibu kwa ncha ya kijiti. Rangi usiitegemee kabisa, kuna nzi wenye milia ya nyigu. Picha iliyopigwa kutoka juu haisaidii, kwa kuwa mabawa hufunika kiuno. Mabuu yake nayo yanafanana mno na viwavi. Kwa hayo hesabu jozi za miguu minene ya tumboni. Zikiwa 6 au zaidi ni nyigu-msumeno, kwani viwavi wa vipepeo na nondo kwa kawaida hawazidishi 5.