Kubadilisha bushi za mbele kwenye Land Cruiser 80 iliyoinuliwa

Springi ndefu huiinua gari, lakini pia huigeuza ekseli ya mbele, na hapo usukani hupoteza nguvu ya kujirudisha wenyewe. Ndiyo maana kwenye mikono inayounganisha ekseli na fremu hufungwa bushi (vipande vya mpira vyenye mrija wa chuma ndani) ambazo tundu lake haliko katikati, ili ekseli irudi kwenye pembe yake.

Egemeza fremu juu ya stendi, wala usiiamini jeki peke yake, kisha fungua mkono mmoja tu ili ekseli isihame. Itoe bushi kuukuu kwa presi. Wapo wanaoichoma, lakini moshi wa mpira ni sumu. Sugua kutu ndani ya tundu la mkono, kisha chora mstari wa rangi kuonyesha upande wa bushi mpya, kwa kuwa ikiingia kinyume huzidisha kasoro ileile uliyokusudia kuiondoa.

Kosa la kawaida ni kukaza nati magurudumu yakining'inia. Mpira umegandishwa kwenye mrija wa chuma, hivyo ukikazwa hapo hubaki umejisokota gari linaposhuka, na huchanika mapema. Rudisha magurudumu, shusha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia nguvu. Mwishowe, lipeleke gari kwa fundi wa kupima pembe za magurudumu.